Injini Aliyoifunga Msengi

Simu ya Mama Hadija ilinikuta sokoni Singida mjini, nimeegemea mkokoteni wangu, nangoja mtu mwenye magunia ya alizeti. "Elia," akasema, "Msengi amekufa." Nikamuuliza lini. Akasema jana asubuhi, kwa presha, kitandani kwake, watoto wamemzunguka. Nikasema haya. "Haya tu? Pole huna?" Nikamwambia, "Pole ninayo, mama, lakini si ya huyo." Akanyamaza mpaka nikadhani salio lake limekwisha, kisha akasema, "Njoo uzike," na ndipo salio likakwisha kweli. Nikabaki nimeshika simu sikioni kama mjinga. Nilikuwa nimemngoja mtu huyo afe kwa karibu miaka thelathini, na sikufikiri hata siku moja kwamba angekufa kitandani, akiwa mkavu.

Nikasukuma mkokoteni hadi chumba changu cha Utemini, nikabadilisha shati, nikapanda gari la kwenda Iramba. Sikwenda kumlilia. Nilikwenda kwa sababu ya wanawake wawili ambao nilijua watakuwepo. Mmoja ni huyo Mama Hadija, aliyekuwa mpishi wetu kule ziwani. Mwingine ni Tabu, dada yake Gunda. Gunda alikuwa rafiki yangu, tulikuwa tukivua katika boti moja, na alizama mbele ya macho yangu kwa sababu injini iling'oka. Tangu siku hiyo kijiji kizima kinasema mimi ndiye sikukaza skrubu. Skrubu zile alizikaza Msengi, mwenye boti, kwa mikono yake. Mama Hadija aliona. Nilitaka kitu kimoja tu kabla sijafa na mimi: Tabu aambiwe.

Habari za nilikozaliwa na nani alinizaa haziingii hapa. Shule niliishia darasa la nne. Nilifika Ziwa Kitangiri mwaka ule mvua zilipozidi na maji yakapanda hadi kwenye mashamba ya mtama, nikiwa na miaka ishirini na moja na ndala za rangi mbili tofauti. Mwaloni pale, boti zinapofikia nchi kavu, kulikuwa na moja tu yenye injini, ya Msengi. Wengine wote walipiga kasia. Tulilala watatu katika chumba kimoja cha udongo: mimi, Gunda na injini. Sitanii. Injini ilikuwa na pembe yake, imesimamishwa kwenye gogo lililochongwa mahsusi, imefunikwa shuka, na sisi wawili tulikuwa na shuka moja. Haikuachwa kwenye boti hata siku moja, maana ingeibwa kabla jua halijazama vizuri. Kila jioni iliingia ndani na kila alfajiri ilitoka. Chumba kizima kilinuka petroli. Ugali wa mtama ulinuka petroli, mlenda ulinuka petroli, na Gunda alikuwa akisema siku atakayooa, mkewe atakataa kuwasha jiko karibu naye. Alikuwa mtu wa maneno huyo. Akimwona Mama Hadija anasonga ugali, anamwambia, "Mama, huo mwiko wako ungekuwa kasia tungeshafika Mwanza." Mama Hadija anamjibu, "Na hilo domo lako lingekuwa injini, Msengi angelilaza kwenye gogo."

Msengi ndiye aliyenifundisha injini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba alinifundisha vizuri. Angekuwa mwalimu mbaya ningekuwa na pa kushika. Siku ya kwanza Gunda alisogea anisaidie kuibeba, Msengi akampiga kofi mkononi. "Acha! Injini haisaidiwi. Watu wawili wakiishika, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye ameshika." Basi ikawa sheria: anayeitoa ni mmoja na anayeirudisha ni huyohuyo. Mzigo wenyewe ni kama debe mbili za mahindi, lakini mahindi hayana pangaboi la kukukata paja. Kuitoa kunaanza kabla hujafika nchi kavu. Ukiona matete, unachomoa mpira wa petroli, unaiacha injini inywe kile kilichobaki ndani mpaka ikohoe na kuzima yenyewe. Unainua mguu wake usilambe matope. Unashuka kwenye maji ya magoti, unageuza boti mpaka nyuma yake ikutazame. Kamba ya usalama, ile inayofunga injini kwenye pete ya boti, huigusi kwanza. Hiyo hufungwa mwanzo na hufunguliwa mwisho. Unalegeza skrubu ya kushoto mizunguko miwili, ya kulia miwili, unarudi kushoto, polepole, maana ukiimaliza moja injini inaning'inia upande na vidole vyako viko chini yake. Halafu unaikumbatia kifuani, unainua wima. Kichwa chake kiwe juu ya mguu wake daima, kama mtoto mchanga, kwa sababu yale maji yaliyobaki mguuni yakirudi kichwani umeua injini. "Ikumbatie," Msengi alikuwa akisema. "Ukianguka, anguka wewe chini, yeye juu."

Kuirudisha ni kinyume chake, na kazi yake ni zaidi, kwa sababu hapo unaona mbele ya miguu yako kwa kubahatisha na boti inacheza. Kamba kwanza. Kisha unaketisha vibanio, zile taya mbili zinazobanwa na skrubu, juu ya ubao wa nyuma, katikati kabisa, palipopigiliwa kipande cha tairi ili visiteleze. Unakaza kwa zamu, kushoto na kulia. Lakini hujamaliza. Unawasha, unakwenda mwendo mfupi, kama kutoka kanisani hadi sokoni hivi, unazima, unakaza tena. Ubao ukishatetemeshwa na kulowa, skrubu hupata nafasi ambayo haikuwepo. Huko kukaza kwa pili Msengi alikuita amina. "Sala bila amina ni kelele," alisema. Nikajifunza hivyo. Miezi saba sikukosa amina hata siku moja, wala sikukubali mtu anishikie chochote. Wavuvi wa makasia walikaa kwenye mchanga wakinitania, "Elia, tumshikie mkeo mguu?" nami nawajibu, "Mke wangu hashikwi miguu na watu." Nilijivuna. Nilikuwa sina kitu kingine duniani cha kujivunia, nikajivunia kwamba nafanya peke yangu na kila mtu anajua nafanya peke yangu. Sasa nikikumbuka ninaona nilikuwa nasokota kamba ya kunyongewa, kila alfajiri, mbele ya mashahidi.

Siku yenyewe Msengi alikuja mwaloni na wakwe zake. Alikuwa anaoa mke wa pili, na baba wa binti pamoja na kaka zake wawili walitaka kuona mali. Mama Hadija alichinja kuku wawili. Wakwe wakakalishwa kwenye viti vya kukunja kando ya jiko lake, suruali zimepigwa pasi, wakitazama ziwa kama watu wanaotaka kulinunua. Mimi nilitoka chumbani na injini kifuani kama kawaida. Nikafika majini, ndipo nikamsikia Msengi nyuma yangu anasema kwa sauti kubwa, "Leta hapa. Nyie mnadhani mimi ni mwenye mali wa jina tu?" Akavua viatu, akakunja suruali, akanipokonya injini. Mzee yule mkwe akacheka kwa kuridhika. Nikachukua kamba ya usalama nikamnyooshea. Akaitazama, akawatazama wakwe, akasema, "Kamba ya nini? Kwani huyu mbuzi?" Wakaangua kicheko wote, na mimi nikacheka. Akaiketisha injini. Nikaona imekaa upande, nusu ya kibanio iko nje ya tairi. Akakaza kushoto yote, akakaza kulia yote, si kwa zamu, haraka haraka, huku anaongea habari za ng'ombe. Nikanyoosha mkono kugusa skrubu. Akanitazama. "Unanikagua?"

Mtu asiye wa kwetu ataniuliza kwa nini sikukaza tu. Nitamjibu nini? Mtu mzima ameshafunga kitu kwa mkono wake, mbele ya wakwe zake, halafu wewe kijana unayekula kwake urudie kazi hiyohiyo palepale? Ni sawa na kupokea shikamoo ya baba yako. Nikasema, "Hapana, mzee." Nikarudisha mkono. Mama Hadija alikuwa amesimama na upawa, hatua kumi kutoka pale, anatazama. Aliona kila kitu, na kamba aliiona ikiachwa kwenye mchanga.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Tulipoyapita matete, wakwe wamekuwa wadogo kama kunguru, Gunda akaniambia, "Zima bwana, piga amina, hawatuoni tena." Nikamwambia, "Tukifika kwenye nyavu." Akasema, "Inacheza hiyo, unaisikia?" Nikamwambia naisikia. Nilikuwa na hasira. Nilitaka ilegee. Sikutaka ing'oke, Mungu anajua, nilitaka ilegee kidogo tu, ianze kugonga, nirudi nayo ufukweni nikiwa napiga kasia, wakwe bado wanakula kuku, niseme kwa adabu, "Samahani mzee, imelegea." Hicho tu. Nilitamani kile kicheko cha wakwe safari hii kiwe changu.

Upepo wa Singida hauna hodi. Ulitoka upande wa bonde la Wembere, ukainua mawimbi mafupi mafupi, boti ikaanza kupiga kichwa. Nikaona kibanio cha kulia kinatembea juu ya ubao. Nikapeleka mkono kuzima, injini ikaruka, ikageuka, ikatoka. Na Gunda akairukia. Hakufikiri. Miezi yote ile alisikia yale maneno, ikumbatie, anguka wewe chini, yeye juu, na akaikumbatia kwa mikono miwili ikiwa inakwenda, akaenda nayo. Boti ikalala upande, maji yakaingia, ikapinduka. Mimi nilishika dumu la petroli. Kitangiri si ziwa la kina. Pale ni kimo cha watu wawili, labda watatu. Nilikuwa nimeshika dumu juu yake na sikujua kuogelea, naye hakujua, na mapovu yalipanda kwa muda, kisha hayakupanda tena. Watu wa makasia walinitoa. Kesho yake walimpata Gunda. Injini waliipata hatua chache kutoka kwake, na Msengi alipokuja mbio ufukweni swali lake la kwanza nililisikia kwa masikio yangu: "Injini imeonekana?"

Makala, mwenyekiti wa mwalo, aliitisha kikao uwanjani. Simsahau huyo naye, amekufa zamani, lakini namtaja ili ajulikane. Aliiweka injini mbele ya watu imejaa matope, akazungusha skrubu kwa kidole kimoja. Zikazunguka. "Nani hufunga injini hapa?" Watu wakasema, "Elia." "Nani humsaidia?" "Hataki kusaidiwa huyo!" Mmoja akaongeza, "Anasema mkewe hashikwi miguu." Hakuna aliyecheka. Makala akamgeukia Msengi. Msengi alitazama chini, na nilidhani anatafuta namna ya kusema ukweli. Akasema, "Mimi nilifika na wageni wangu. Nilimkuta kijana ameshafunga." Nikasimama. Nikasema, "Mzee, siku ile ulifunga wewe." Makala hakuniacha hata nimeze mate. "Unamwambia mzee wako mwongo? Mbele yetu? Mwenzako hata udongo wake haujakauka?" Nikamtafuta Mama Hadija kwa macho. Alikuwa anatoa mawe kwenye mchele. Aliendelea kutoa mawe. Kibanda alichopikia ni cha Msengi, kiwanja ni cha Msengi, na wanawe wanne walikuwa wakila kutoka chungu hichohicho. Nikakaa chini.

Tabu alikuja wiki iliyofuata kuchukua nguo za kaka yake. Alikuwa binti wa miaka kumi na minane hivi. Hakunitukana kama wengine. Alikaa kwenye kigoda jikoni, fulana za Gunda mapajani, akasema, "Kaka Elia, mimi nataka kujua tu. Ulikaza au hukukaza?" Nikasema, "Sikufunga mimi." "Alifunga nani?" Msengi alikuwa nje pale anaongea na fundi, sauti yake inaingia ndani. Mama Hadija akafunua sufuria, akafunika. Nikasema, "Acha tu, Tabu." Akanitazama sana. "Watu wote wanasema ni wewe," akasema, "lakini mimi bado sijasema." Alipoondoka nilikusanya vitu vyangu. Tangu hapo nimebeba mizigo mjini, nimesukuma mkokoteni, nimeoa na kuachwa, na kila nilipokutana na mtu wa kule alinisalimia kwa nusu ya mdomo. Tabu peke yake, tukikutana gulioni, alinisalimia kwa mdomo mzima. Huyo mmoja ndiye niliyekuwa nimebaki naye.

Basi nikafika msibani. Nyumba ya Msengi ina bati la rangi na vigae sebuleni. Turubai mbili, vipaza sauti, sufuria kubwa nyuma ya nyumba. Nikaenda hukohuko nyuma. Mama Hadija amekuwa kibibi, mgongo umeinama, lakini mwiko bado anashika yeye. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Umekonda." Nikamwambia nilichofuata. Hakushangaa. Alipuliza moto kwanza. "Niliona," akasema. "Alifunga yeye. Na ile kamba niliiokota mimi, nikaanikia nguo mpaka ikaoza. Unadhani nilikuwa nalala?" Nikamwambia, "Basi kaseme. Tabu yuko pale." Akatikisa kichwa. "Kuanza siwezi. Nimezeeka kwenye kiwanja cha watu hawa, watanizika wao. Lakini anza wewe, Elia. Simama useme. Ukisema, mimi nitaitikia palepale, wala sitajificha. Naapa." Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto kwa sababu ya jiko. Miaka yote ile, na kumbe nilichohitaji ni sentensi moja, na wa kuitikia alikuwa tayari.

Kaburini wakasifu. Mtu wa watu, baba wa mwalo, aliyeleta injini ya kwanza. Mtoto wake mkubwa akashika kipaza sauti, akasema, "Kama yupo aliyefanya kazi na mzee kule ziwani, aje atupe neno." Sauti ikatoka kati ya wanaume, "Elia yupo!" Minong'ono ikaanza. Nikasogea mbele. Nikapewa kipaza sauti. Nikawaona wajane wawili kwenye mkeka. Nikamwona yule mkwe, bado yu hai, mzee sana, amekalishwa kwenye kiti, ananitazama kwa macho yenye ukungu. Nikawaona watoto wa Msengi, wajukuu wake. Nikamwona Mama Hadija upande wa wanawake, pindo la khanga mdomoni, anangoja. Tabu alikuwa mstari wa pili.

Nikasema, "Shikamooni, wazee." Wakaitikia wote, marahaba, kwa sauti moja, nzito, ile sauti inayokuambia ukae pale ulipo. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Mzee Msengi alinifundisha kazi. Alinifundisha vizuri. Mungu ampumzishe." Nikarudisha kipaza sauti. Mtu akanipigapiga begani. Mama Hadija alitoa khanga mdomoni, akatazama pembeni.

Baada ya mazishi tukakaa chini ya turubai kula. Tabu alikuwa miongoni mwa wanaogawa chakula. Alipita mstari wote hadi kwangu, akachuchumaa kama inavyotakiwa, akanipa sahani kwa mikono miwili. Nywele zake zina mvi pembeni. "Kaka Elia," akasema polepole, wa jirani wasisikie, "asante." Nikamuuliza asante ya nini. "Nimekaa na shaka muda mrefu. Nilikuwa najiambia, pengine walimsingizia. Nilikuwa nabishana na mama mpaka anakufa. Leo nimekusikia. Mtu aliyesingiziwa hasimami kaburini kumsifu aliyemsingizia. Ni wewe. Nimeshajua, na nimekusamehe." Nikataka kusema. Namwambia Mungu nilitaka. Lakini ningesema nini, kwamba skrubu si zangu? Na Gunda aliposema piga amina, je?

Akanyanyuka, akaniuliza kama aniongezee maharage. Nikamwambia yanatosha.